Kwinoa ya dukani imenigomea shambani: je, ipo mbegu itakayokubali kwetu?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina eka mbili nje kidogo ya jiji la Mbeya. Mwanangu aliniletea kwinoa, ile nafaka ndogo ya Amerika Kusini, aliyoinunua supamaketi Dar es Salaam. Nyingine tulipika, nyingine nikaisia kwenye matuta mwezi wa Desemba. Iliota vizuri, lakini ilipofika magotini tu ikaanza kutoa masuke. Majani yakapata madoa ya njano, na ukiligeuza jani unakuta unyoya wa kijivu kwa chini. Machi nilipokwenda kuvuna, punje zilikuwa zimechipua zingali juu ya mmea. Nimesoma kwamba kuna watafiti wanaoitengeneza kwinoa ikubali nchi nyingine. Wanafanya nini hasa? Na ipo mbegu ya huku kwetu, au niachane nayo?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Umenirahisishia kazi, maana umenipa urefu wa mmea, umegeuza jani, na umetaja miezi. Wengi wanaoniuliza habari za kwinoa huniambia tu kwamba “ilikataa”. Kwa maelezo yako naweza kusema bila wasiwasi mkubwa kilichotokea, na kwa bahati nzuri kila kilichokusumbua ni jambo ambalo watafiti wa mbegu wanalihangaikia hadi leo. Kwa hiyo nitakujibu maswali yako yote mawili kwa kufuata mkasa wa matuta yako.

Kwinoa inayouzwa madukani karibu yote hutoka Peru na Bolivia. Ile nyeupe yenye punje kubwa, ambayo wafanyabiashara huipenda zaidi, hulimwa kusini mwa Bolivia kuzunguka jangwa la chumvi la Uyuni, mita zaidi ya 3,600 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya huko kwa mwaka mzima ni haba kuliko inayoweza kunyesha Mbeya kwa mwezi mmoja wa Januari. Usiku kunaganda, udongo una chumvi, na wakati wa mavuno ni kukavu kabisa. Wakulima wa huko wamechagua mbegu kwa maelfu ya miaka wakitafuta mmea unaostahimili baridi kali, ukame na chumvi, wenye punje nene. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuchagua mmea unaostahimili majani kulowa wiki nzima, wala punje zinazovumilia kunyeshewa zikiwa zimekomaa. Wewe ukaupanda Desemba, Mbeya.

Lakini hiyo ni kwinoa ya sehemu moja tu. Wataalamu huigawa kwinoa katika makundi makuu matano kufuatana na inakotoka: ya mabonde ya kati ya milima ya Andes, kuanzia Kolombia na Ekuado hadi Peru, ya nyanda za juu kuzunguka Ziwa Titicaca, ya majangwa ya chumvi niliyoyataja, ya miteremko yenye joto na unyevu ya Bolivia iitwayo Yungas, na ya karibu na usawa wa bahari, kusini mwa Chile. Makundi haya yanatofautiana mno. Ukiipanda mistari mitano sambamba shambani kwako, mmoja unaweza kukupita kimo na mwingine usifike kiunoni. Ndiyo maana mtu akiniambia kwinoa inafaa au haifai nchi fulani, humwuliza kwanza: kwinoa ipi?

Sasa turudi kwenye magoti yako. Kwa nini ilitoa masuke ingali mifupi?

Kwinoa hupima urefu wa mchana. Asili yake ni mmea wa siku fupi, maana yake mchana ukiwa mfupi huharakisha kutoa maua, na mchana ukiwa mrefu huchelewa. Huko Uyuni, msimu wa kilimo una mchana unaozidi saa 13. Mbeya iko kama digrii 9 kusini mwa ikweta, na hata mchana wetu mrefu kuliko yote, wa Desemba, haufiki saa 13. Unaishia kwenye saa 12 na dakika 40 hivi. Mmea wako ukahesabu hivyo. Pamoja na hilo, Mbeya ni baridi kwetu sisi, lakini kwa mmea wa mita 3,600 ni mahali pa joto, na joto nalo huuharakisha. Ukaona wakati wa kuzaa umefika kabla haujajenga majani ya kutosha kulisha punje.

Daniel Bertero wa Chuo Kikuu cha Buenos Aires, Argentina, ni miongoni mwa watu walioichunguza saa hii ya ndani ya kwinoa kwa kina. Kazi yake na ya wenzake ilionyesha jambo ambalo kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta ni la thamani kuliko mengine yote: aina zinazotoka Ekuado na Kolombia huchukua muda mrefu zaidi zikiwa katika hatua ya majani tu, hatua ambayo hata siku fupi haziwezi kuikatisha. Zinakua kwanza, halafu ndiyo zinaanza kusikiliza urefu wa mchana. Aina za Chile na za nyanda kavu za Bolivia zina hatua fupi. Bertero alionyesha pia kwamba urefu wa mchana unaendelea kuamua mambo hata baada ya maua: mchana mrefu pamoja na joto wakati punje zinajaza huzidumaza. Hilo la mwisho ni mzigo wa watu wa Ulaya. Sisi tumeepushwa nalo.

Watu wa Ulaya walikuwa na tatizo lililo kinyume cha lako. Copenhagen, mwezi wa Juni, mchana hufika saa 17 na nusu. Kwinoa ya Ekuado ukiipanda kule inarefuka tu, majani matele, hadi baridi ya vuli inaikuta haina punje hata moja. Sven-Erik Jacobsen wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na wenzake walichukua mbegu za kusini mwa Chile, ambazo zimezoea siku ndefu, wakazichanganya na za Peru, halafu wakachagua kizazi baada ya kizazi ile mimea isiyojali urefu wa mchana, inayokomaa mapema, mifupi, isiyo na matawi, ili mashine iweze kuvuna. Hapo ndipo zilipotoka aina kama Titicaca na Puno. Usidanganyike na majina: ni ya Andes, lakini mbegu zimelelewa Denmaki. Uholanzi nao, kupitia Chuo Kikuu cha Wageningen, wakatoa aina zao, zikiwemo zisizo na uchungu, kama Atlas.

Mtu angetegemea mbegu iliyotengenezwa kwa ajili ya Denmaki ife kabisa Afrika. Haikuwa hivyo. Malawi, Moses Maliro wa chuo cha kilimo cha Lilongwe na wenzake, wakishirikiana na Kevin Murphy wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walipanda aina nyingi Bunda na Bembeke, sehemu mbili zenye mwinuko tofauti, kwa mvua na kwa umwagiliaji. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017, na Titicaca ilikuwemo kwenye majaribio, ikazaa. Mmea usiojali urefu wa mchana una faida yake: popote unapokwenda unatabirika. Utakuwa mfupi, ndiyo, lakini mmea mfupi unaweza kuubananisha shambani ukapata kwa wingi wa mimea kile ulichokikosa kwa ukubwa wa kila mmoja. Kilichojitokeza wazi Malawi ni kwamba aina iliyoongoza mahali pamoja si lazima iongoze pengine. Hilo ndilo linalofanya kazi hii iwe ndefu na ya gharama: hakuna njia ya mkato ya kujua bila kupanda hapo hapo.

Tuje kwenye unyoya wa kijivu. Huo ni ubwiri unyoya, ugonjwa unaoletwa na kimelea kiitwacho Peronospora variabilis, na ndio adui mkubwa wa kwinoa dunia nzima. Hupenda ubaridi na unyevunyevu, yaani hali halisi ya Mbeya kuanzia Desemba hadi Machi. Juu ya jani unaona doa la njano, wakati mwingine la waridi, na chini ndiko kimelea kinakozaa mbegu zake, huo unyoya. Jani huanguka, na mmea ulioanguka majani katikati ya msimu hujaza punje nyepesi.

Ugonjwa huu hukaa kwenye punje zenyewe. Viini vyake vya kudumu hujificha kwenye ganda, na mtu akipanda nafaka ya dukani anaweza kuwa anapanda ugonjwa pamoja na dawa ya njaa. Sikusemi wewe vibaya, Mwalimu, karibu kila mtu huanza hivyo. Ila safari nyingine usipande ya dukani. Hiyo ni nafaka ya kula: haijapimwa afya, mara nyingi imekobolewa au kuoshwa ganda la nje, na huwa mchanganyiko wa mavuno ya wakulima wengi, hivyo hata ukipata mmea mzuri hujui ni wa aina gani.

Kinga ya ubwiri unyoya ipo kwenye kwinoa za mahali penye unyevu, hasa zile za mabonde. Hapo unaanza kuona mwelekeo, sivyo? Hatua ndefu ya majani, kwenye mabonde karibu na ikweta. Ustahimilivu wa ubwiri, mabondeni tena. Ningekuwa na nafasi ya kuchagua sampuli za kuanzia kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini, ningejaza kapu langu kwa mbegu za mabonde ya Ekuado na Peru, nikaongeza chache za Chile kwa sababu ninayokuja kuieleza, na za Uyuni ningeziacha dukani. Ubaya wake ni kwamba kwinoa za mabonde huchelewa kukomaa na punje zake huwa ndogo, na mnunuzi anataka punje nene nyeupe. Ndipo unapolazimika kuchanganya.

Kuhusu punje kuchipua juu ya suke: punje nyingi za kwinoa hazilali. Mtama wa aina nyingi ukikomaa, punje hukaa muda kabla ya kuwa tayari kuota. Kwinoa ikilowa tu, ndani ya siku moja kimzizi kinaweza kuwa nje. Kwa mpishi ni raha, kwa mkulima wa mahali penye mvua ni msiba. Murphy na wanafunzi wake walikutana na balaa hili pwani ya jimbo la Washington, ambako mvua za Septemba huwakuta wakulima wakiwa tayari kuvuna. Tiba yake imetafutwa kusini mwa Chile, kisiwani Chiloé, ambako hunyesha karibu mwaka mzima. Wakulima wa kule wamebaki na kwinoa ambazo punje zake hulala kidogo. Aina iitwayo Chadmo ni mojawapo ya zile ambazo timu ya Bertero iliona zina usingizi huo. Mashamba yenye mvua yamemfundisha mkulima wa Chiloé kuchagua kitu ambacho mkulima wa Uyuni hakuwahi kukihitaji.

Sasa chukulia una kwinoa ya bondeni isiyougua ubwiri, na nyingine ya Chiloé yenye punje zinazolala. Unataka zote ziwe kitu kimoja. Unafanyaje?

Hapa ndipo kazi inapokuwa ya vidole. Ua la kwinoa halina petali na ni dogo sana, milimita 2 au 3 hivi. Yamesongamana mamia kwa mamia kwenye suke moja. Mengi ni ya jinsi mbili, yana chavua yake na kipokea chavua chake, na mmea hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa. Mengine ni ya kike tupu. Ili umzuie mama asijichavushe, unakaa asubuhi na kioo cha kukuzia na kibano chenye ncha kama sindano. Unaondoa maua mengi ya suke unabakiza machache, halafu kwenye kila lililobaki unatoa vifuko vitano vya chavua kabla havijapasuka. Kimoja kikikuponyoka, kazi ya ua hilo imekwisha. Ukimaliza, unalifunika suke kwa mfuko wa karatasi pamoja na suke la baba lililokomaa chavua, unatikisa, unaandika tarehe kwenye kibandiko. Asubuhi nzima inaweza kukupa punje za kuhesabu kwa mkono.

Na bado huna uhakika kwamba punje hizo ni chotara. Wengi hutumia hila moja nzuri: mama awe wa kijani, baba awe mwenye shina jekundu. Wekundu hutawala. Ukisia punje hizo, miche inayoonyesha wekundu chini ya shina ndiyo chotara kweli, ile ya kijani mama amejizalia mwenyewe, unaing’oa. Siku hizi tunaweza kuhakikisha kwa kupima vinasaba maabara, lakini kwenye kituo chenye bajeti ndogo jicho na rangi vinatosha.

Kizazi cha kwanza cha chotara hufanana. Kizazi cha pili ndipo kila kitu kinapofumuka: mirefu, mifupi, myekundu, ya manjano, michungu, mitamu, ya kuwahi na ya kuchelewa, yote kwenye tuta moja. Hapo unachagua. Unavuna mmea mmoja mmoja, unasia kila mmoja mstari wake, unachagua tena, na unaendelea hivyo vizazi sita, saba au nane hadi mstari utulie, kila mmea ufanane na jirani yake. Kisha unaanza majaribio ya sehemu nyingi kwa misimu kadhaa. Kwa mtu wa Denmaki anayepata msimu mmoja shambani kwa mwaka, ni safari ya miaka kumi na zaidi asipotumia nyumba ya kioo. Sisi tukiwa na maji ya kumwagilia tunapata misimu miwili kwa mwaka bila kuwasha taa wala hita, na sioni kwa nini faida hii inatumiwa kidogo namna hii.

Mwaka 2017 kazi ilipata msaada mkubwa. Timu iliyoongozwa na Mark Tester wa chuo cha KAUST, Saudi Arabia, ilichapisha jenomu ya kwinoa, yaani mpangilio wa vinasaba vyake vyote, kwa kutumia aina moja ya pwani ya Chile. Kwinoa ina kromosomu 36 kwa sababu zamani sana mimea miwili ya jamii moja iliungana, kila mmoja ukaleta seti yake. Timu hiyo ilibainisha pia jeni inayoongoza utengenezaji wa saponini, ile kemikali chungu ya kwenye ganda. Uchungu hutawala, utamu hujificha, hivyo mmea mtamu lazima upate nakala dhaifu kutoka kwa wazazi wote wawili. Zamani ulisubiri mmea uzae ndipo uonje. Sasa inawezekana kuchukua kipande cha jani la mche na kujua mapema.

Kituoni, hata hivyo, njia ya zamani bado inafanya kazi, na unaweza kuifanya jikoni kwako. Weka nusu gramu ya punje kwenye mrija mwembamba wa kioo wenye mililita 5 za maji, tikisa kwa nguvu sekunde 30, acha ukae, pima kimo cha povu. Saponini hutoa povu kama sabuni. Povu refu, kwinoa chungu. Likikosekana, ni tamu au ilishaoshwa.

Ungedhani kila mtu anataka tamu. Bolivia walipata aina tamu, Sajama, tangu miaka ya 1960, kazi ya Humberto Gandarillas, na bado kwinoa chungu haikuondoka mashambani. Waulize wanaolima mtama au mpunga wakuambie habari za kweleakwelea. Ndege hupenda kile unachokipenda. Uchungu hauwazuii wote, lakini tamu inataka mtu wa kuamia shambani kuanzia alfajiri. Kwa eka mbili zako, kama huna vijana wa kuamia, mimi ningechukua chungu na kuiosha mara kadhaa kwa kusugua hadi povu liishe.

Wasomaji wa pwani na walioko Omani na Dubai wataniuliza habari za joto. Hapo jibu langu ni baridi zaidi. Kwinoa huanza kupata taabu joto likipita nyuzi 35 hivi wakati wa maua. Utafiti wa kundi la Murphy ulionyesha kwamba chavua huharibika kwa joto kali, ingawa mmea hutoa chavua nyingi kiasi kwamba punje zinaweza kuendelea kufungwa. Tofauti kati ya aina na aina ni kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, akina Jeff Maughan na Rick Jellen, wamegeukia ndugu wa porini: Chenopodium berlandieri wa Amerika Kaskazini, na Chenopodium hircinum anayeota kwenye tambarare za joto za Argentina. Wanachanganya magugu hayo na kwinoa ili kuhamisha uvumilivu wa joto. Kazi ni ngumu kwa sababu gugu huleta pia punje nyeusi ndogo zinazopukutika, na inabidi vizazi vingi kuziondoa. Dubai, kituo cha kimataifa cha ICBA kinachoshughulikia kilimo cha maji ya chumvi kimepima mamia ya sampuli tangu miaka ya 2000 na kutoa mistari mitano, ikiitwa Q1 hadi Q5, ambayo imefika hadi Misri na Moroko. Lakini kumbuka kule hulimwa majira ya baridi kwa maji ya kumwagilia, mvua hakuna, ubwiri haupati nafasi. Mbegu ya jangwani si ya Tukuyu. Kwa Tanga au Mombasa, kwa maoni yangu, mchicha nafaka utakupa mavuno kwa jasho dogo zaidi. Ni wa ukoo huo huo na joto haliutishi.

Swali ambalo hukuuliza ila litakukuta: kwa nini mbegu hizi nzuri za Ekuado hazijafika Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo cha hapo Mbeya? Sehemu ya jibu ni sheria. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea, uliopitishwa mwaka 2001, una orodha ya mazao ambayo nchi wanachama hubadilishana mbegu kwa masharti mepesi. Kwinoa haikuwekwa kwenye orodha hiyo. Kila sampuli inataka makubaliano na nchi yake, na nchi za Andes zina sababu ya kuwa wagumu. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, kilipewa hataza, yaani haki miliki ya uvumbuzi, juu ya njia ya kuzalisha chotara kwa kutumia kwinoa ya Bolivia iitwayo Apelawa, mmea wenye chavua tasa ambao wakulima wa kule walikuwa nao mashambani siku zote. Chama cha wakulima wa kwinoa cha Bolivia, ANAPQUI, kilipinga hadi ng’ambo, na mwaka 1998 hataza ikaachwa. Tangu hapo milango ikawa mizito. Ndiyo maana sehemu kubwa ya utafiti nje ya Andes hutumia zile zile mbegu zilizokwisha kutoka zamani, kama zilizo kwenye benki ya mbegu ya Ames, Iowa. Mimi siwalaumu Wabolivia. Ningekuwa wao ningefunga mlango pia.

Karibu nasi, kazi imefanyika. Kenya ilishiriki katika majaribio ya kimataifa ya miaka ya 1990, na mavuno ya hadi tani 4 kwa hekta yaliripotiwa, kiwango ambacho hata Peru ni kizuri. Ni mavuno ya kituo cha utafiti, usiyapigie hesabu ya mkopo. Rwanda, mtafiti Mnyarwanda Cedric Habiyaremye, aliyesomea katika maabara ya Murphy, alianza kuipeleka kwinoa kwa wakulima mwaka 2015 na kuipima katika kanda za mwinuko tofauti. Kwa nyanda zako za juu, mbegu iliyopita Rwanda, Kenya au Malawi ina thamani kuliko ile yenye sifa nyingi kutoka Ulaya, maana imeshaonana na mchana wetu na ubwiri wetu.

Kwa hiyo ufanye nini. Nenda TARI Uyole, uko nao jirani, waulize kama wana mistari ya kwinoa au wako tayari kuomba. Mbegu kutoka nje inahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na usikubali mtu akuletee kwenye begi, kwa sababu niliyoieleza ya ugonjwa kukaa kwenye punje. Ukipata aina tatu au nne, gramu chache kila moja zinakutosha.

Usipande tena Desemba. Sia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi ili mmea ukue kwa mvua za mwisho na punje zikomae Juni, kumekauka. Ukiwa na kinyungu, yaani bustani ya bondeni, chenye unyevu wa kudumu, unaweza kusogeza mbele zaidi, ila kama shamba liko bondeni kunakoganda Juni na Julai, hakikisha maua yamepita kabla, kwani baridi kali ikikuta maua utavuna makapi. Weka punje sentimita 1 hadi 2 tu chini ya udongo. Aina fupi mistari iachane sentimita 30, ndefu 50. Palizi ya kwanza ni ya mapema sana, maana mche wa kwinoa ni mnyonge wiki za mwanzo na unafanana mno na magugu ya ukoo wake. Ukisia kwenye mstari ulionyooka utajua kipi ni kipi. Miche unayoipunguza usiitupe, majani yake ni mboga.

Robo tatu ya matuta yavune ule. Robo iliyobaki ndiyo utafiti wako. Funga uzi kwenye mimea yenye majani safi wakati jirani zake zina madoa, iliyofika kiunoni kabla ya kutoa suke, na ambayo suke lake halikuchipua baada ya manyunyu. Vuna hiyo peke yake, pura peke yake, usiichanganye. Kwinoa hujichavusha, lakini asilimia 10 hadi 15 ya punje zinaweza kuwa zimepata chavua ya jirani, hivyo mbegu ya kuhifadhi itoke katikati ya tuta, mbali na aina nyingine. Ukifanya hivyo misimu michache utakuwa na kitu ambacho hakipo duka lolote.

Je, uachane nayo? Kama ulitaka biashara, nenda polepole. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa, bei ikapaa, wakulima wa pwani ya Peru wakaivamia kwa umwagiliaji na viuatilifu, baadhi ya shehena zikakataliwa Marekani, na kufikia 2015 bei ilikuwa imeporomoka. Mnunuzi wako wa uhakika ni hoteli na supamaketi chache za mijini, na atakupima kwa kwinoa nyeupe ya Bolivia. Viazi vyako usiving’oe. Kwa chakula cha nyumbani na kwa mtu mwenye jicho kama lako, matuta mawili matatu ningeyaacha yaendelee. Na ukipanda, niandikie tarehe ya kusia, tarehe suke la kwanza lilipotokeza, na kimo cha mmea siku hiyo. Kwa namba hizo tatu za kila aina naweza kukuambia ipi ya kubakiza kabla hata hujavuna.